Yangu!

Jumamosi, Julai 2011

Itangazwe kwa wote: leo nimepiga kelele "Yangu!" mbele ya Mzee Barnaba, mchezaji mwenzangu mwenye umri wa baba yangu, na mbingu hazikuanguka.

Kocha wa timu yetu ya majengo ya Dixon, tunakoishi sisi wahamiaji, alicheza besiboli ya kulipwa miaka mingi, akidaka mipira nyuma kabisa ya uwanja, mpaka goti likakataa. Kiswahili anajua neno moja tu, "yangu", ingawa mpira ni "wangu". Anataka mdakaji alitamke kwa sauti ili wenzake wampishe.

Sasa, nani kati yetu amelelewa hivyo? Mpira wa kwanza ulipopaa nilisema, "Karibu, mzee." Mzee Barnaba akajibu, "Hapana mwanangu, anza wewe." Ukaanguka katikati yetu.

Kocha akavua kofia, akafoka kwa Kiingereza. "Huo si chapati! Mkikaribishana tena, wewe unarudi kugawa maji."

Kugawa maji! Nimeshagawa msimu mzima.

Mwingine ukapaa. Nikaitupa adabu, nikapiga kelele "Yangu!" hata ndege iliyokuwa ikitua haikusikika, nikakimbia, nikadaka.

"Haya, tumekuachia, mlafi wewe!" Mzee akacheka, akapiga makofi.

Kocha hakupiga. Mpira ulikuwa wa timu ya uwanja wa jirani.