Sauti ya Baba Kwenye Kompyuta

Kanoni, Jumanne

Kaka Mujuni, shikamoo.

Kahawa inakauka vizuri. Mama anakusalimu.

Jana nilipakua programu ya kufungulia rekodi ya usia wa baba. Ilijisakinisha yenyewe, mimi nilibonyeza tu "Kubali", nayo ikaingiza nyingine nisizoziomba. Sasa mafaili yote yamefungwa, hata rekodi ya baba. Hanifu, fundi wa Kayanga, ameguna: "Dada, umemkaribisha mgeni mmoja, kaja na wezi wake."

Jumamosi ukoo unakaa. Bila sauti ya baba, baba mdogo atachukua kibanja cha mama.

Msibani nilikurushia nakala ya rekodi hiyo. Kama unayo, njoo nayo. Kama uliifuta, usipige simu. Simu yangu anapokea mama, na bado hajui.

Mdogo wako,
Komujuni