Mama Pazia, Mwaka Mmoja Bila Sauti Yako Nyuma ya Jukwaa

Mwaka mzima umezunguka, mama yetu, tangu asubuhi ile ulipotuacha, na bado watu wanachungulia mlangoni na kuuliza, "Mama Pazia yupo?" kisha wanajishika mdomo. Hatuwalaumu. Hata sisi bado tunakumiminia chai, halafu tunabaki kutazamana.

Uliwasuka wanawake wa mtaa huu miaka yote, chanuo umelibana kwa meno, ukiongea hivyo hivyo nasi tukielewa kila neno. Kila mtu ulimwita "mwanangu", hata wazee waliokupita umri. Ulipenda kuimba pia, na tuseme ukweli: sauti hukujaliwa. Ukaimba tu.

Gereji ya jirani ilipohama, ulimwomba mwenye jengo akuachie. Akakuuliza unataka kufungua nini. "Kituo cha sanaa," ukamjibu. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini funguo akakupa. Kabla hakujawa na jukwaa wala kiti, wewe ulishashona pazia, na jina likakukaa. Baba, fundi bomba asiye na maneno mengi, akaunga mabomba ya kulitundikia. Wakaja wachoraji, wapiga ngoma, akina mama wa ufinyanzi na waigizaji, na harufu ya oili haikumkimbiza mtu.

Kisha ukazuka ule ugomvi wa mwenye bucha na mama dobi. Maji ya kuoshea bucha yalikuwa yanapita uani kwa dobi, na siku moja kamba ikakatika, mashuka meupe yakalala humo. Walirushiana maneno mpaka mtaa ukagawanyika. Hawa wakasusa nyama, wale wakaanza kujifulia wenyewe. Hata kituoni watu walikaa mafungu mawili, na mazoezi yakafa.

Tulikwambia, "Mama, funga kwanza mpaka wapoe."

"Nikifunga, watapoa wakiwa wapi?" ukasema.

Ukatangaza mchezo mpya: ugomvi wenyewe, kama ulivyo. Ulikaa na kila mmoja peke yake, ukasikiliza yaliyomkuta, ukayafanya maneno ya mchezo. Ila dobi ndiye angeigiza mwenye bucha, na mwenye bucha aigize dobi.

"Mimi nivae gauni?" mwenye bucha akafoka. "Labda nife kwanza!"

"Utavaa, mwanangu. Tena nimeshaliongeza kiunoni."

Dobi alikubali upesi, na baadaye alituambia shabaha yake ilikuwa kumwaibisha. Kweli, siku ya mazoezi alimwiga yule bwana anavyojikuna tumbo na kukita kisu kwenye gogo, watu wakavunjika mbavu. Mwenye bucha naye kicheko kilimponyoka kabla hajakumbuka kununa. Ikafika zamu yake. Akashika shuka, akarudia maneno uliyomnong'oneza, "Haya ni mashuka ya harusi ya mwanangu. Nimeyafua kwa mkono, na homa ninayo."

Akakwama hapo. Ulimnong'oneza maneno yanayofuata, hakuyasema. Alimgeukia dobi.

"Kumbe yalikuwa ya binti yako?"

"Ulidhani ya nani?"

"Ya wateja. Mimi nilijua ni ya wateja, dada yangu."

"Hukuuliza."

"Ni kweli," akasema, gauni limembana kifuani. "Sikuuliza."

Tulitaka kupiga makofi, ukatukata jicho. Kesho yake mwenye bucha alimfuata Baba wageuze njia ya maji, wakashinda juani wanachimba. Dobi akawapelekea chai, na vikombe vikarudi vitupu.

Siku ya mchezo gereji ilifurika, wengine wakaning'inia madirishani. Wewe ugonjwa ulishakushika. Ulikaa nyuma ya pazia umejifunika shali, ukiwakumbusha waigizaji maneno kwa mnong'ono uliosikika mpaka mlangoni. Watu waliucheka huo mnong'ono pia, nawe ukadhani wanacheka mchezo.

Ulipoondoka, hakuna aliyetaka kituo kifungwe. Tatizo lilikuwa nani asimame mbele. Kitindamimba wako, karani wa stoo, yule aliyejificha bafuni kila ulipotafuta mwigizaji, ndiye aliyechukua funguo. Hatukumtuma. Jumamosi ya kwanza alisimama mbele ya watu.

"Mimi si Mama," akasema. "Sijui hata nianzie wapi."

Dobi akamjibu kutoka viti vya nyuma, "Nani kakuomba uwe Mama? Sema lolote, binti. Sisi tutafuata."

Kitindamimba akawaambia wasogeze viti ukutani, wapate nafasi ya kufanyia kazi.

Ukumbi mzima ukanyanyuka, kila mtu na kiti chake.

Anakukumbuka mumeo, fundi bomba. Wanakukumbuka wanao: dereva, mwalimu na karani wa stoo, wakwe zako, wajukuu zako uliowasuka na uliowanyoa, dada yako mshonaji na shemeji zako wote, pamoja na watu wa kituo, ambao siku hizi hatujui tuwaite majirani au ndugu.

Leo, kesho na siku zote, Mama, wewe ni wetu na hatutakusahau.