Fimbo ya Malogo Haishikwi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na wote mlioketi hapo uani mnasikiliza, mbukwenyi. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imechubuka kwa dawa za kufulia, maana bado niko kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali huku Poland. Baridi ni ileile ya kumfanya mtu alililie jua la Bahi alilokuwa akililaani. Nyie je? Mpunga mmeshavuna? Yule ng'ombe mwekundu amezaa?

Macho siyaulizi, Ndahani ameshaniambia. Ndahani, mdogo wangu, barua hii naipiga picha nikutumie kwenye simu, nawe umsomee Baba kama nilivyoandika. Usiruke mstari kwa kumwogopa mzee. Baba, nimeambiwa umetumbukia mferejini ukifuata ng'ombe, na ulipoinuliwa ukasema umeteleza. Umeteleza! Kwenye mfereji mkavu? Nimeambiwa pia hospitali ya mjini Dodoma walikupangia siku ya kutolewa mtoto wa jicho, ukagoma. Wamekupangia tena Alhamisi hii, na umesema huwezi kuongozwa njiani kama mbuzi wa mnada. Basi ngoja nikusimulie jambo, kisha uniambie kama nina kichaa.

Huku Jumapili baada ya misa tunakutana kwa Ewa, mwenzangu wa kazini, kucheza mchezo wa mezani. Si bao, si karata. Kila mtu anajitungia mhusika wake, na mchezo wote ni maneno. Ewa ndiye msimulizi. Anasema, "Mmefika mtoni, kuna fisi watatu," nawe unasema mtu wako anafanya nini, halafu unarusha dadu kuona kama amefaulu. Usicheke. Watu wazima wenye ndevu wanatokwa jasho pale. Na mimi huku sina ndugu, wala jirani wa kuniazima chumvi. Meza ile ndiyo uani kwangu.

Nikatunga mchungaji wa ng'ombe, mpiganaji wa fimbo. Nikamwita Malogo. Nisamehe kwa kulibeba jina lako bila ruhusa, lakini ni nani mwingine ninayemjua anayeweza kusimama mbele ya fisi akamfokea?

Mhusika anaruhusiwa mbinu tatu za kupigana, na ukishachagua hubadilishi. Ya kwanza sikujiuliza: Pigo la Fimbo. Ya pili Mguu Usiong'oka, asiangushwe hata akisukumwa na nyati. Ya tatu ndiyo ilileta ugomvi. Joel, Mfilipino ninayekunja naye mashuka, alinisihi nichukue Mgongo kwa Mgongo, ambapo wawili wanapigana wakiegemeana. Mimi jicho langu likaangukia nyingine, inaitwa Mpweke. Mpiganaji akiwa peke yake nguvu zinaongezeka, lakini mwenzake akimgusa tu, au akishika silaha yake, zinamtoka zote.

"Debora, hiyo itakuua," Joel akasema.

"Humjui Malogo," nikamjibu. "Fimbo ya Malogo haishikwi na mtu."

Si ndivyo ulivyotulea? Fimbo yako ikiwa imeegemezwa ukutani, sisi tulipita mbali. Siku Ndahani alipothubutu kuangulia ukwaju kwa fimbo hiyo, kilio chake kilisikika hadi ng'ambo ya bwawa. Basi nikachukua Mpweke, nikajiona nina akili.

Jumapili iliyopita tukaingia pangoni. Malogo wangu alikuwa mbele, kama kawaida yake, akifukuza kila kitu. Ghafla Ewa akasema swila mkubwa ameinua kichwa. Nikarusha dadu, ikaangukia namba mbaya kuliko zote. Swila akamtemea Malogo sumu kwenye macho yote mawili.

Baba, niliinuka kitini utadhani ni kweli. Ewa akaendelea kwa sauti ya chini: maji yanapanda pangoni, Malogo haoni, anapiga fimbo hewani. Nguvu anazo zote, lakini anazimalizia ukutani. Nikasema anatoka peke yake. Nikarusha dadu tena, akagonga mwamba. Maji yakamfika kifuani. Na kwenye mchezo ule aliyekufa amekufa. Karatasi yake inachanwa mbele yako.

Ndipo Joel akasema, "Ninashika ncha ya fimbo yake, namtoa nje."

Ewa akanigeukia. "Malogo anakubali?"

Mdomo wangu ulishaanza kusema "Toa mkono wako!" kwa sauti yako kabisa. Nikaufunga. Machozi yakanitoka mbele za watu, eti kwa mchezo wa dadu! Wao walidhani namlilia mhusika. Nikamwambia Ewa siwezi kujibu, mwenye jina yuko nyumbani, acha nikamuulize. Akafunga kitabu chake, akasema watanisubiri hadi Jumapili.

Sasa nakuuliza. Mimi naogopa, Baba. Kila simu ya Ndahani inapoita moyo unanipasuka, maana leo ni mfereji, kesho ni bodaboda barabarani. Sitaki nirudi nyumbani nikuamkie, nawe uanze kunipapasa uso ili unijue. Najua ukubwa wako na sikufundishi. Lakini hao ng'ombe wenyewe umewaongoza miaka yote, na hakuna aliyewadharau kwa kuongozwa.

Nisalimieni mama mdogo aliyenilea. Mwambieni ubuyu wake ulifika, nimekula wote bila kumgawia mtu. Nisalimieni wifi yangu, mke wa Ndahani, na mjomba wa Chamwino akipita hapo. Mungu awalinde wote, na wewe Baba akulinde zaidi, maana hujilindi.

Na wewe Ndahani, ukimaliza kusoma usiseme neno lolote. Weka simu chini. Shika ncha ya fimbo ya Baba, usivute. Subiri.

Mimi binti yake,
Debora