Siku Tatu Ambazo Husseni Hakuambiwa

Dunda,
Bagamoyo.
3 Juni, 1973

Mpendwa dada yangu Mwanaharusi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa meno. Mawili yamenihama tangu Ramadhani bila kuaga. Wewe je, u hali gani huko Pangani? Kifua kimepoa? Binti yako Mwanajuma anakupikia vizuri, au bado anaunguza wali kama alivyofundishwa na mama yake? Usininunie. Nani atakutania sasa kama si mimi, mtoto wa shangazi yako?

Najua eda yako imebakiza siku chache. Mungu amrehemu shemeji, nawe akuzidishie subira.

Barua yako aliyoileta Mwaija niliipata. Uliniuliza mambo mawili tu: mdogo wako Husseni aliumwa nini, na nani alikuwa naye. Nikakujibu kurasa mbili za habari za minazi na paa langu linalovuja. Mke wangu Somoe amenisema kila siku: "Mwandikie mwenzio. Alikuwa mdogo wake yule, si kuku." Basi naandika, na nakuomba usome ukiwa umekaa.

Kazi ile nilimtafutia mimi. Yuko Bwana Sadallah, ana biashara ya kutengeneza bustani za mahoteli na majumba makubwa huko Kunduchi. Anapanda majani na maua, anazungushia ua wa michongoma. Jembe na mgongo wangu havielewani, unajua, lakini mdomo ninao, akanifanya mkusanyaji wa watu. Akanipa na kofia. Siku hiyo nilipita nayo sokoni mara tatu ili nionekane. Nikaenda Fukayosi na Vigwaza, nikapata watu kumi na watatu. Wa kumi na nne ni Husseni, aliyenifuata mwenyewe barazani: "Binamu, mimi huniandiki? Au unaogopa nitakupokonya kofia?"

Sadallah alikuwa akilalamika kwamba watu wa mwaka jana walimkimbia mpunga ulipokomaa. Hapo, dada, ndipo nilipojifanya mwerevu. Nikamwambia, karatasi za kutia dole gumba za nini? Hawa ni Waislamu, waapishe. Nikabeba msahafu wangu mwenyewe, ule wa marehemu baba. Kila mmoja alitia udhu, akaweka mkono, akaapa hatatoka ndani ya ua mpaka bustani ikabidhiwe kwa mwenyewe. Kadi zao za chama Sadallah akasema atawatunzia zisilowe. Aliyezikusanya ni mimi, ndani ya kofia.

Bustani ikaisha mwezi wa pili. Haikukabidhiwa. Ikaongezwa ya upande wa pili, kisha ya ufukweni. Lango likatiwa kufuli, mshahara ukasubiri makabidhiano, chakula kikawa muhogo mara moja kwa siku. Aliyetaka kwenda kwao aliulizwa: "Uliapa au hukuapa?" Nami nilikuwa naenda kila wiki. Nakaa kibarazani kwa Sadallah, nakunywa chai na maandazi, nauliza, "Watu wangu hawajambo?" Ananijibu hawajambo. Narudi na salamu hizo kwa wake zao. Kutoka kibarazani mpaka langoni ni hatua ishirini, dada. Sikuzipiga.

Mwezi wa nne Husseni alijichoma mguu kwa uma wa kutandazia samadi. Akaomba apelekwe hospitali apigwe sindano. Sadallah akasema majani yapandwe kwanza, wageni wa hoteli wanakuja. Haya kanihadithia Abdala wa Fukayosi, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Shingo ilipoanza kukaza, Abdala alimwonyesha mahali ambapo michongoma ilikuwa bado michanga, akamwambia, "Tupite hapa, nitakubeba mgongoni." Husseni akamjibu, "Nenda wewe. Mimi nimeshika msahafu wa Mrisho. Nikitoroka, watu watamwonaje binamu yangu?"

Kesho yake taya likafunga. Ndipo mlinzi alipoogopa akafungua lango, wakampakia kwenye gari la samadi. Ilikuwa pepopunda. Alifia njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa Abdala. Mdomo haukufunguka kutamka shahada. Abdala alimtamkia sikioni. Basi huyo ndiye aliyekuwa naye. Si mimi.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Maalim Alawi wa pale chuoni, nikamuuliza kama wale kumi na wawili waliobaki ndani wamefungwa na kile kiapo. Akasema, "Mrisho, una mvi mpaka kwenye nyusi, na hukuja kuuliza mapema? Kiapo kinachomdhuru mtu anakivunja, anatoa kafara. Alishe maskini kumi. Hana? Afunge siku tatu, yamekwisha."

Siku tatu, dada. Husseni aliyekuwa akifunga zile sita za Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishaisha, kila mwaka na kutucheka sisi tunaozikimbia.

Siku ile ile nikamchukua Maalim mpaka Kunduchi. Akasimama nje ya ua, akawatangazia kwa sauti yake ya adhana kwamba kiapo hakiwafungi. Wakatoka wote, matope magotini, wakampita mlinzi kama hayupo. Sadallah akanipigia kelele, "Umeniharibia kazi, mzee wa kofia we!" Nikaivua nikamwachia. Afisa wa kazi amewarudishia kadi zao, na kesi imefunguliwa. Nimeandikisha maelezo, na kwamba kiapo kilitoka kwangu nimesema kwa mdomo wangu.

Fukayosi sasa hawamtoi mtu kwenda kazi ya bustani hivi hivi. Kadi ikae mfukoni mwa mwenyewe, asiapishwe mtu, na kila wiki mtu wa nyumbani aingie ndani, azungumze na kila mmoja peke yake, tajiri asiwepo. Kazi hiyo ya kuingia wamenipa mimi. Nikadhani wananitania. Ashatu, mke wa Abdala, akaniambia, "Hatukutanii. Tunajua wewe hutakunywa chai tena."

Nisalimie Mwanajuma, bibi Dija, na Tatu na wanawe. Somoe anakusalimu sana. Amekuwekea kanga na kitanda cha chumba cha mbele.

Radhi siiombi humu. Ya jambo hili haiombwi kwa stempu. Umesema ukitoka edani utakuja kumzuru Husseni. Nitakuwa kituo cha basi tangu asubuhi. Ukinipa mkono, nitaupokea. Ukinipita, nitachukua mzigo wako nikufuate nyuma mpaka makaburini, na kaburi nitakuonyesha kwa kidole.

Mola akulinde njiani na akufikishe salama.

Nduguyo akupendaye, hata usiponisalimu,

Mrisho