Tatizo Namba 31

Jumatatu, 14 Julai

Umeme umerudi saa nne. Duka limefunguliwa, simu za watu ziko kwenye chaji, mimi kwenye kompyuta. Evariste, mwenzangu wa kuandika programu, ametuma kazi kutoka Kabungu. Maelezo yake: "Nimerekebisha kidogo." Kidogo! Rangi za vitufe, majina ya vijiji na hesabu ya uzito wa asali, vyote furushi moja. Nimemrudishia. Badiliko moja, jambo moja, na namba ya tatizo linalotatuliwa. Programu yetu ya kurekodi asali ni huria, yeyote anaweza kuisoma na kuiboresha. Mgeni akitaka kujua kwa nini tuligusa uzito, amuulize nani? Amejibu kwa picha ya mbuzi anayecheka. Nampenda huyu kaka, ila ananizeesha.

Jumanne, 15 Julai

Ametuma upya, vipande vipande. Safi. Tena amefunga tatizo namba 31 kwamba limekwisha, lile la ndoo za asali: ukipima mbili pasipo mtandao, ya pili inafuta ya kwanza. Ameandika kwamba Mama Kalunde amethibitisha. Mama ndiye mwenyekiti wa akina mama wafugaji nyuki wa Inyonga, na hao ndio watumiaji wetu pekee wa kweli. Wiki ijayo wanarina asali. Wakituacha, programu imekufa.

Orodha ya matatizo iko tupu kwa mara ya kwanza. Nimejinunulia soda.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya. Mteja wa Inyonga kaja kununua chaja, kaniambia akina mama wanaandika uzito kwa mkaa kwenye mifuniko ya ndoo. Programu yetu kwenye simu bado inapoteza ndoo. Wamekubaliana wasitwambie, wasituvunje moyo.

Nimempigia Evariste. Alijaribuje? Alimpigia Mama, Mama akashukuru sana, basi akafunga. Nimewaka. Nimemwambia ni mvivu, na nimemwondolea ruhusa ya kuingiza kazi bila mimi kuipitia. Kasema "sawa dada", akakata.

Ijumaa, 18 Julai

Evariste hajatuma kitu. Hata mbuzi hakuna. Duka limepooza, nami nimepooza.

Mchana nimempigia Mama Kalunde mwenyewe. Kaniuliza hali ya mama yangu, ya biashara, ya baridi ya Mpanda. Nikauliza hali ya programu. "Salama kabisa mwanangu, tunashukuru sana, Mungu awabariki."

Evariste aliuliza swali lilelile, akapata jibu lilelile. Nani huku anamwambia aliyemhangaikia kwamba kazi yake mbovu? Mimi mwenyewe fundi akinishonea gauni likinibana kwapa, namwambia limenikaa.

Nimempigia Evariste, nimemwomba radhi. Alikuwa shambani, anahema. Kanisamehe haraka mno, nikaona aibu zaidi. Kesho tunaenda Inyonga.

Jumamosi, 19 Julai

Evariste kafika stendi alfajiri kwa bodaboda, vumbi hadi kope. Kaniletea mihogo ya kuchemsha kutoka kwa mama yake. Tumekula ndani ya basi bila kuzungumzia ugomvi.

Inyonga hatukuuliza kama inafanya kazi. Evariste kaomba wazime data, wapime ndoo mbili sisi tukiangalia. Wakapima ya kwanza. Wakapima ya pili. Ya kwanza ikapotea. Akina mama wote wakatazama chini, wanatuonea aibu sisi.

Mama Kalunde kasema polepole, "Tulijua, mwanangu. Nyie mmehangaika sana, tungeanzaje kuwaambia?"

Evariste kacheka mpaka kakaa chini, na wao wakacheka. Kafungua tena namba 31 palepale. Kisha kawaomba kitu kimoja: wamlalamikie. Kasema wakinyamaza hana pa kuanzia. Wakaguna, hawajazoea. Tumerudi na chupa ya asali.

Jumatatu, 21 Julai

Evariste ametuma mabadiliko mawili, kila moja peke yake. La kwanza: "Ndoo ya pili isifute ya kwanza pasipo mtandao. Tatizo 31. Tumeliona Inyonga kwa macho." La pili: kitufe kikubwa kilichoandikwa "Lalamika". Nimeyasoma kwa raha. Nimemrudishia ruhusa yake.

Namba 31 sijaifunga. Tumekubaliana kuanzia sasa anayefunga ni mwenye tatizo.

Jumatano, 23 Julai

Wameanza kurina. Jioni Mama Kalunde kafunga namba 31 mwenyewe. Chini yake kuna namba 32, imetoka kwenye kitufe: "Hamjambo wanangu. Poleni na kazi. Maandishi ni madogo, sioni. Mbaya."

Nimempelekea Evariste. Amejibu kwa mbuzi.

Nimefunga duka. Orodha haiko tupu, na nina furaha.