Mshono wa Mguu wa Kiprono

Jumatano, Julai 1968. Kuresoi.

Ukungu umelalia viazi tangu asubuhi na haujaondoka. Nimerudi kutoka Nakuru sasa hivi, viatu vimejaa matope. Nje jogoo anawika ovyo, jioni hii, kama hajui saa. Habari ya huyo jogoo inakuja.

Kwanza mguu.

Jumapili kabla ya hii iliyopita, wezi wa ng'ombe walimpiga jirani yangu Kiprono risasi chini ya goti. Mfupa ukavunjika. Mimi ndiye dresa, mhudumu wa vidonda wa dispensari yetu, hakuna mwingine, kwa hivyo watu walimleta kwangu amebebwa kwa magunia. Nilimchoma penisilini, nikaufunga mguu kati ya mbao mbili usitikisike. Hayo niliyafanya sawa.

Halafu nikashona kidonda.

Marehemu baba alikuwa fundi wa nguo kule Kabazi, na mkono wake ninao. Watu wa hapa husema mshono wangu hauonekani. Siku hiyo nilishona polepole, nyuzi kumi na moja, zote zimelingana, watu wamejaa mlangoni wakitazama. Nilijiona mtu. Mke wa Kiprono akaniletea jogoo wa shukrani, yule mkubwa mwekundu, nami nikapokea bila aibu.

Mvua ilikuwa imekata barabara. Lori lilipatikana siku ya nne, mguu umeshavimba na unanuka. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka Nakuru, na njia nzima sikuweza kumtazama usoni.

Hospitalini daktari alizikata nyuzi zangu zote, usaha ukamwagika. Akatoa nyama iliyooza, akaacha kidonda wazi, akasema atangoja mpaka Jumatano ya leo. Uozo ukipanda kupita goti, mguu ukatwe. Na Kiprono analima kwa ng'ombe, shamba lenyewe liko mteremkoni. Kwa mguu mmoja hapo hufanyi kitu.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu nani ameshona, nikasema ni mimi.

"Risasi huingia na kipande cha suruali na udongo," akasema. "Kidonda chake huoshwa, huachwa wazi, hushonwa baadaye kikishakuwa safi. Wewe umefunga mlango wezi wakiwa ndani."

Wiki nzima nimelala na maneno hayo. Niliapa nitamwambia Kiprono ukweli, mguu ubaki usibaki.

Leo nimefika saa nne. Daktari alifungua bandeji, akanusa, akabonyeza vidole vya mguu kimoja kimoja, kisha akasema mguu unabaki. Kidonda sasa ni chekundu, kisafi. Kiprono atakaa na plasta miezi kadhaa na huenda akachechemea, lakini ni mguu wake.

Nilitoka nje nikalia kidogo kwa furaha. Na nikiwa bado nafuta macho nikaanza kujiambia kwamba basi, hakuna haja ya kusema tena. Yamekwisha. Ya nini kufukua?

Nakiri, ningenyamaza.

Lakini niliporudi wodini nilimkuta Kiprono ananitangaza kwa wagonjwa wenzake. "Huyu ndiye daktari wetu. Mkipigwa risasi, mpelekwe kwake kwanza. Anashona kuliko cherehani." Mzee wa kitanda cha pili akanyoosha mkono kunisalimia.

Nikavuta stuli, nikamwambia Kiprono yote kwa sauti ya chini. Kwamba ule usaha ulikuwa kazi yangu. Kwamba kidonda cha risasi hakishonwi siku ya kwanza.

Akautazama mguu, akanitazama mimi.

"Hukujua?"

"Nilifundishwa," nikasema. "Lakini watu walikuwa wanatazama."

Akageukia ukuta. Nilingoja, sikujua ningoje nini. Nilipoinuka kuondoka ndipo aliposema, bila kugeuka, "Ukifika nyumbani, rudisha jogoo."

Kesho kukipambazuka nitampeleka. Mke wa Kiprono ataniuliza kwa nini, tena mbele ya majirani, maana hapa majirani hawakosi. Nitamjibu papo hapo mlangoni kwake, watu wakitazama.