Viazi Saba vya Bibi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumamosi, 14 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Hujambo, mwanangu? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekwisha. Sisi hatujambo. Magoti ya bibi yako yanamkatalia, lakini ulimi wake ni ule ule.

Umeniuliza mbegu ya kiazi ni nini. Kwa maana halisi si mbegu: ni kiazi kizima, au kipande chake, chenye jicho, yaani kile kishimo ambamo chipukizi hutokea. Kinachoota humo si mtoto wa mmea wa mwaka jana. Ni mmea ule ule ukiendelea.

Ndiyo maana niliogopa Bibi aliponikabidhi viazi saba, vyote vilivyosalia vya aina aliyokuja nayo alipoolewa. Sokoni haviuzwi. Vikioza, basi.

Nilikuwa nimesoma kwamba kiazi kilichogeuka kijani kwa mwanga kina sumu. Kwa hiyo, mkutubi mimi, nikavifungia gizani katika kabati la vitabu, kila kimoja na lebo yake. Baada ya wiki tatu vilikuwa vimetoa machipukizi marefu, meupe, malegevu kama nyuzi. Bibi aliyatazama, akacheka hadi akashika ukuta.

"Umesoma nusu, baba," akaniambia. "Kijani ni sumu kwa mlaji. Kwani wewe ulitaka kuvila?"

Akayang'oa yote kwa kidole gumba, akavipanga viazi katika trei ya mayai dirishani, penye mwanga lakini pasipo jua kali. Wiki mbili baadaye vilikuwa na machipukizi mapya, mafupi na manene. Vinne vikubwa alivikata katikati kama fundi cherehani anayebania kitambaa, kila kipande kikibaki na macho mawili au zaidi. Vitatu vidogo akaviacha vizima. Nilitaka kupanda siku hiyo hiyo. Akanizuia, kwa kuwa kidonda kibichi huoza udongoni. Vikakaa kivulini siku tatu hadi vikafanya ngozi.

Nawe fanya hivyo. Kisha chimba shimo la kina cha nusu shubiri hivi, chipukizi litazame juu, na uache urefu wa wayo mmoja kati ya kiazi na kiazi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mmea ukifika shubiri, uinulie udongo shinani, maana kiazi cha kula kikiona jua, hapo ndipo kijani huwa kosa.

Leo tumevuna. Kati ya vipande kumi na kimoja, vilikuwa vimeota kumi. Bibi alitaka kiti chake kiwekwe ukingoni mwa tuta, akapokea kila kiazi mapajani, akikipangusa kwa upindo wa kanga. Ndoo tatu! Mama yako alipiga vigelegele hadi jirani yetu seremala akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani anaolewa.

Nimekutengea sita katika boksi lenye matundu. Tafadhali, usivifungie kabatini.

Bibi anakusalimu, mama yako pia, hata seremala. Mungu aibariki mikono yako na ardhi itakayoigusa.

Limebaki swali moja ambalo vitabu vyangu havijanijibu. Ikiwa mmea ni ule ule ukiendelea, utakachokichimba huko kitakuwa kiazi cha Bibi, au chako?

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye daima